Kabla Kiungo Hakijawa Bidhaa

Tarehe 7 Mei 2004 yalitangazwa mashindano kwa watu wanaofanya kazi ya kupandisha tovuti kwenye matokeo ya Google. Walipewa maneno mawili ya Kiingereza, "nigritude ultramarine", ambayo hakuna aliyekuwa akiyatumia pamoja. Mwenye ukurasa utakaokuwa wa kwanza kwa maneno hayo baada ya mwezi mmoja angepata iPod ndogo, na mwenye ukurasa utakaokuwa wa kwanza baada ya miezi miwili angepata skrini bapa ya Sony. Kwa kuwa maneno hayo yakiwa pamoja hayakuwa na maana, wote walianza sawa. Kilichobaki kushindaniwa ni viungo: nani atatajwa na kurasa nyingi zaidi, na kurasa za namna gani.

Baadhi ya washindani walifanya walichokizoea. Walifungua kurasa chungu nzima zinazotajana zenyewe kwa zenyewe, wakamwaga anwani zao kwenye vitabu vya wageni na chini ya makala za watu ambao hawakuwa na habari yoyote ya mashindano. Mwanablogu mmoja wa Marekani, Anil Dash, alichukua njia nyingine. Mwanzoni mwa Juni aliandika makala moja fupi, akawaeleza wasomaji wake jambo lilivyo, akawaomba wanaotaka kuona maandishi halisi yakizishinda hila wamuunge mkono kwa kuweka kiungo. Waliitikia, kila mmoja kwenye ukurasa wake. Tarehe 7 Julai skrini ilikuwa ya Dash.

Mtu anaweza kuhoji kwamba naye aliomba kura. Ni kweli, aliomba. Lakini aliomba hadharani, kwa jina lake, kwa watu waliokuwa wakimsoma kwa karibu miaka 5, na kila aliyempa alikuwa huru kumnyima. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyobeba historia nzima ya kazi ya kutafuta viungo. Kiungo kilizaliwa kikiwa ushahidi wa mtu mmoja juu ya mwenzake. Baadaye kikapewa bei, na tangu siku hiyo kila sheria iliyotungwa imekuwa jitihada ya kukirudisha kilikotoka.

Kilikotoka ni mbali kuliko intaneti.

Mwaka 1873, katika jimbo la Illinois, Marekani, Frank Shepard alianza kuwauzia mawakili vipande vya karatasi vyenye gundi. Katika nchi zinazofuata utaratibu wa sheria wa Kiingereza, hukumu ya leo huegemea hukumu za jana, na wakili anayesimama mahakamani na kesi ambayo imekwisha kutenguliwa huumbuka mbele ya jaji. Wakili yeyote wa Nairobi au Dar es Salaam anaijua hofu hiyo. Shepard alipitia hukumu mpya moja baada ya nyingine, akaandika ni zipi za zamani zilizotajwa ndani yake, akachapa orodha hizo kwenye vipande vyake. Wakili aliloanisha gundi, akabandika kipande pembezoni mwa kitabu, kando ya kesi yenyewe. Tangu hapo alipoifungua kesi ile aliona kwa jicho moja nani walioitaja baadaye na wapi. Kazi hiyo ilishika mizizi kiasi kwamba jina la Shepard likageuka kitenzi midomoni mwa mawakili wa Marekani.

Miaka 80 hivi baadaye, Eugene Garfield wa Philadelphia alijiuliza kwa nini wanasayansi wasiwe na kitu kama hicho. Mtu aliyewahi kuwa kiongozi katika kampuni ya Shepard ndiye aliyemfungua macho kuhusu mfumo huo. Mwaka 1955 Garfield aliandika katika jarida la Science akipendekeza faharasa ya marejeo, na mapema katika miaka ya 1960 faharasa yenyewe ikaanza kutoka. Mwanasayansi sasa aliweza kuchukua makala ya zamani na kuona imetajwa na nani tangu ilipochapwa. Mwaka 1976 Gabriel Pinski na Francis Narin wakapiga hatua nyingine. Walionyesha kwamba hakuna haki kuhesabu kila kutajwa sawasawa, kwa kuwa jarida linalotajwa na majarida mazito lina uzito kuliko linalotajwa na yasiyosomwa na mtu.

Msomaji aliyepita chuo cha Kurani hatalishangaa wazo hilo. Wanazuoni wa Hadithi walikuwa wakiuliza si tu maneno yanasema nini, bali yamepita kwa nani, na huyo naye aliyapokea kwa nani, na kila mmoja katika mnyororo alikuwa mtu wa namna gani. Isnadi, yaani mnyororo huo wa wapokezi, ikiwa na pete moja mbovu, yote hutiliwa shaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikuja kulifanyia hesabu jambo ambalo madrasa nyingi za pwani zilikuwa zikilifundisha kwa mdomo.

Kabla ya Stanford lakini palikuwa na Geneva. Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN huko, alipendekeza mfumo wa kuunganisha nyaraka, na tovuti ya kwanza ikawa hewani mwaka 1991. Uamuzi mmoja wa mfumo ule haupewi uzito unaostahili. Ted Nelson, aliyeanza kuwaza juu ya maandishi yenye viungo tangu miaka ya 1960, alitaka viungo vya pande mbili, yaani ukurasa unaotajwa ujue kwamba umetajwa. Berners-Lee alichagua viungo vya upande mmoja. Mtu yeyote aliweza kuutaja ukurasa wowote bila kuomba ruhusa, na anayetajwa hakupewa taarifa. Bila uamuzi huo wavuti isingekua kwa kasi ile. Lakini pia ulimwacha kila mwenye tovuti katika giza: huna njia ya kujua kurasa zote zinazokutaja, labda awepo mtu atakayezunguka kurasa zote za dunia na kukuhesabia.

Katika giza hilo ndipo kazi ya kutafuta viungo ilipoanzia, na mwanzo wake ulikuwa mzuri. Mwaka 1994, katika jimbo la Tennessee, Eric Ward alianza kuwasaidia wenye tovuti mpya kujulikana. Google haikuwapo. Ward alitafuta kurasa ambazo wasimamizi wake walikuwa wakikusanya anwani za kuwafaa wasomaji wao, akazisoma, kisha akamwandikia kila msimamizi barua pepe ya peke yake, akimweleza tovuti hii mpya ina nini na kwa nini ingewafaa wasomaji wa ukurasa wake. Mwaka 1995 duka jipya la vitabu liitwalo Amazon.com lilikuwa miongoni mwa kazi zake. Hakuna nafasi ya kwanza iliyokuwa ikigombewa kwa viungo wakati huo. Kiungo kilikuwa na thamani kwa sababu mtu angekibonyeza na kufika. Ward, aliyefariki mwaka 2017, aliendelea kufundisha njia hiyo hata pale wengi walipoiona ni ya kizamani na ya polepole, na miaka imempa haki.

Mwaka 1996 mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page, alianza mradi alioupa jina la BackRub, kwa sababu ulifuatilia viungo kinyumenyume: badala ya kuuliza ukurasa huu unataja nani, uliuliza nani anautaja ukurasa huu. Sergey Brin akajiunga naye. Diski za kuhifadhia data, 10 za gigabaiti 4 kila moja, walizipanga ndani ya kasha walilolijenga kwa vipande vya Lego. Katika makala waliyoitoa mwaka 1998 walieleza kwamba wamekusanya kurasa milioni 24 na ramani ya viungo milioni 518.

Hesabu yao, PageRank, inaweza kuelezwa bila ubao. Kila ukurasa una uzito wake, na uzito huo huugawa kwa kurasa unazozitaja. Ukurasa wenye uzito mkubwa unaotaja kurasa 2 tu huupa kila mmoja sehemu nene. Unaotaja kurasa 500 huupa kila mmoja chembe. Na uzito wake wenyewe umetokana na wale wanaoutaja, nao kwa wanaowataja, hivyo hivyo hadi hesabu itulie. Page na Brin walimfikiria msomaji anayebonyeza viungo bila mpango, ambaye kila hatua ana uwezekano wa asilimia 85 wa kuendelea na asilimia 15 wa kuchoka na kuanza kwingine. Ukurasa anaoufikia mara nyingi zaidi ndio mzito. Hawakuwa peke yao. Robin Li, ambaye baadaye alianzisha Baidu nchini China, alikuwa ametengeneza RankDex mwaka 1996 kwa wazo la jirani, na Jon Kleinberg alikuwa na kanuni yake. Lakini Google, iliyosajiliwa kuwa kampuni Septemba 1998, ndiyo iliyoingia majumbani.

Kasoro ilikuwa ndani ya wazo lenyewe. Hesabu ile ilidhani kwamba kila anayeweka kiungo amekiweka kwa sababu ameona kitu cha kufaa. Kwa wavuti ya mwaka 1996, iliyoandikwa kwa wingi na wanafunzi, wahadhiri na wapenzi wa jambo fulani, dhana hiyo ilikuwa karibu na kweli. Mara watu walipojua kwamba viungo vinahesabiwa, ikaanza kuoza.

Desemba 2000 Google ilitoa upau wa kuweka juu ya kivinjari, na ndani yake mlikuwa na mstari mdogo wa kijani uliomwonyesha kila mtu uzito wa ukurasa alioufungua, kuanzia 0 hadi 10. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kabla ya mstari ule, mwenye tovuti aliomba kiungo bila kujua kina uzito gani. Baada yake alijua kwamba ukurasa huu ni 7 na ule ni 3, na kitu chenye namba hakikawii kupata bei. Agosti 2002 kampuni ya SearchKing ya Oklahoma ilianzisha mtandao wa kuuza viungo kwa kufuata namba zile. Google ikaushusha uzito wa tovuti ya kampuni hiyo, SearchKing ikaenda mahakamani, na Mei 2003 jaji akaamua kwamba cheo ambacho Google inaupa ukurasa ni maoni yake, na maoni yanalindwa na katiba ya Marekani.

Maoni. Kiswahili kina neno hilohilo kwa kile kisanduku kilicho chini ya makala, na kisanduku hicho ndicho kilichofuata kuvamiwa.

Desemba 1997 Jorn Barger aliuita ukurasa wake "weblog", na neno likafupishwa miaka miwili baadaye. Open Diary, tovuti ya shajara iliyoanza mwaka 1998, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuwaruhusu wasomaji kuandika chini ya maandishi ya mwenye ukurasa. Programu zilizofuata ziliipa fomu hiyo sura ambayo kila mtu anaifahamu leo: mstari wa jina, mstari wa barua pepe, mstari wa tovuti, na chini yake kisanduku kikubwa cha maneno. Ule mstari wa tatu ni wa kuangaliwa kwa makini. Haukuwekwa kwa ajili ya injini yoyote ya kutafutia. Uliwekwa kwa adabu, ili mwenye blogu aliyetembelewa ajue mgeni wake anakaa wapi, naye akamtembelee. Jina la mgeni liligeuka kiungo, na kubonyeza jina ilikuwa kama kubisha hodi.

Kiswahili kiliingia katika desturi hiyo mapema. Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani, aliandika blogu ya Jikomboe kwa Kiswahili wakati ambapo wengi waliamini kwamba lugha ya intaneti ni Kiingereza tu, na katika uandishi huo blogu ikapewa jina la Kiswahili pia: gazeti tando. Septemba 2005, jijini Helsinki, alimsaidia mpiga picha Issa Michuzi kufungua blogu yake. Blogu ya Michuzi ikawa baraza. Wachangiaji waliitwa wadau, mwenye baraza aliitwa Ankal, na chini ya picha moja ya mtaa wa Dar es Salaam waliweza kukutana mdau wa Mbeya, wa Uingereza na wa Marekani wakibishana mtaa wenyewe uko wapi. Pembeni mwa blogu za wakati ule kulikuwa na orodha ya blogu rafiki. Hakuna aliyelipwa ili kuorodhesha wenzake. Aliyefungua blogu mpya aliingia kwenye maoni ya waliomtangulia, akachangia, na baada ya muda akakuta jina lake limeorodheshwa.

Lakini mstari wa tatu ulionekana pia na wasiokuwa wageni. Mnamo 2003 na 2004 mafuriko yalianza. Katika mstari wa jina hapakuandikwa jina la mtu bali jina la kidonge, kasino au mkopo. Katika kisanduku paliandikwa kwamba makala ni nzuri na mwandishi aendelee hivyohivyo, maneno yanayoweza kuwekwa chini ya tangazo la msiba na chini ya pishi la pilau bila kubadilishwa herufi. Hakuna mkono uliokuwa ukiyaandika. Programu ziliyatuma kwa maelfu. Wenye blogu waliamka asubuhi na kufuta mamia ya maoni kabla ya kunywa chai. Wengine walichoka, wakafunga sehemu ya maoni kabisa, na baraza likafa.

Jibu kubwa lilikuja tarehe 18 Januari 2005. Google, Yahoo na MSN, ambao kwa kawaida hawakuwa wakikubaliana, walitangaza pamoja kwamba kiungo kitakachobeba alama ya "nofollow" ndani ya msimbo wake hakitahesabiwa kuwa kura. Watengenezaji wa programu za blogu, wakiwamo WordPress na Six Apart, walikubali kuiweka alama hiyo kwenye viungo vya maoni. Msomaji haoni tofauti yoyote: kiungo kinabonyezwa na kinampeleka. Injini ndiyo inayopita bila kuhesabu. Oktoba mwaka huohuo WordPress wakapata Akismet, programu ya kuchuja taka kabla hazijamfikia mwenye blogu, na kwa kazi ya kila asubuhi hiyo ndiyo iliyoleta nafuu.

Alama ile ilifanya nusu ya kazi. Walafi wa viungo hawakuacha, kwa kuwa kutuma maoni 100,000 kwa programu hakukuwagharimu zaidi ya kutuma 100, na daima palikuwa na blogu za zamani zisizo na alama. Upande wa pili, mchangiaji mwaminifu aliyekaa nusu saa akisahihisha kosa katika makala ya mwenzake aliwekwa kapu moja na muuza vidonge. Wapo wanablogu walioona huo ni uonevu. Waliiondoa alama kwa hiari yao na kubandika beji kuwatangazia wachangiaji kwamba hapa kiungo chako kitahesabiwa. Ulikuwa ukarimu wa kweli, na uliadhibiwa haraka: orodha za blogu zenye beji zilianza kusambazwa, na walafi wakazifuata kama inzi. Januari 2007 Wikipedia ya Kiingereza nayo iliamua kuweka alama hiyo kwenye viungo vyake vyote vya nje.

Wakati huo biashara ilikuwa imepanda ngazi na kuyafikia maduka makubwa. Februari 2011 gazeti la New York Times lilieleza kisa cha J.C. Penney, duka la Marekani lililokuwa likishika nafasi ya kwanza kwenye Google kwa nguo, samani, mazulia, karibu kila kitu. Mtaalamu aliyeombwa na gazeti kuchunguza alikuta zaidi ya kurasa 2,000 zenye viungo vya kuelekea kwenye duka hilo, nyingi katika tovuti zisizohusiana nalo kabisa: za magonjwa, za mbwa, za kamera, hata za watu wanaokoroma. Duka lilisema halikuviidhinisha. Google ilichukua hatua jioni moja ya Jumatano. Saa moja usiku duka lilikuwa bado la kwanza kwa mabegi ya safari ya Samsonite. Saa tatu usiku lilikuwa la 71.

Tarehe 24 Aprili 2012 ikaja Penguin, kanuni mpya ambayo Google yenyewe ilikadiria itagusa takriban asilimia 3.1 ya utafutaji wa Kiingereza. Adhabu ya viungo bandia sasa ilitolewa kwa wingi na kwa mashine, bila kusubiri gazeti limfichue mtu. Ikafuata miezi ambayo wanablogu wengi wanaikumbuka. Watu walewale waliokuwa wamejaza blogu zao kwa taka sasa waliwaandikia barua za kuwasihi wazifute, kwa sababu kila kiungo kilichonunuliwa kilikuwa kimegeuka mzigo. Oktoba mwaka huo Google ilitoa zana ya kuvikana viungo: mwenye tovuti anaorodhesha kurasa zinazomtaja na kuiomba Google isizihesabu. Mwaka 1996 nani angeamini kwamba siku moja watu wangelipa ili wasitajwe?

Yaliyofuata yanaweza kupitwa haraka. Januari 2014 Matt Cutts, aliyeongoza kikosi cha Google cha kupambana na taka, alitangaza kwamba uandishi wa ugenini kwenye blogu za wengine kwa lengo la kupata viungo umeharibika kiasi cha kutotumainiwa. Mwaka 2016 Google iliacha kuonyesha hadharani ile namba ya 0 hadi 10. Septemba 2019 ilitangaza kwamba alama ya 2005 itachukuliwa kuwa dokezo badala ya amri, na ikaongeza alama mbili, moja ya viungo vilivyolipiwa na nyingine ya viungo vinavyowekwa na wachangiaji. Kwa hiyo kiungo cha ndani ya maoni si lazima kipuuzwe kabisa, lakini hakuna anayeweza kukitegemea.

Hapo ndipo wanaoifanya kazi hii kwa uadilifu walipogundua kwamba hawajapoteza kitu. Tuseme yupo mfugaji nyuki wa Tabora mwenye tovuti ndogo ya kuuza asali ya miombo. Anakutana na makala ya mwalimu wa kilimo inayosema asali ikiganda imechanganywa sukari. Anaisoma hadi mwisho. Kisha anaandika, kwa jina lake halisi, kwamba asali safi nayo huganda, kwamba kasi yake hutegemea maua nyuki waliyotembelea na baridi ya mahali ilipowekwa, na kwamba yeye huirudisha kwa kuweka chupa ndani ya maji ya vuguvugu bila kuichemsha. Tovuti yake anaitaja kwenye mstari wa tatu tu, mahali pake. Wengine wanamuuliza maswali chini yake, naye anarudi kuyajibu. Mwalimu anairekebisha makala yake. Miezi kadhaa baadaye, akiandika juu ya mizinga ya magome na mizinga ya kisasa, anamkumbuka yule mtu wa Tabora, anafungua tovuti yake, anakuta picha na maelezo ya kazi yenyewe, na anamtaja katikati ya makala, kwa kiungo kisicho na alama yoyote.

Kiungo hicho ndicho chenye uzito, na hakikutoka kwenye kisanduku cha maoni. Kisanduku kilizaa kufahamiana, na kufahamiana ndiko kulikozaa kiungo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mfugaji wetu hakuitembeza asali yake, alitembeza ujuzi wake mahali ulipohitajika. Wanaoharibu ni wale wanaoruka hatua ya katikati. Kwa hiyo watu wa kazi hii wenye heshima wana desturi chache wanazozishika kwa kauli moja: kusoma kabla ya kuandika, kutumia jina la mtu na si la bidhaa, kutoweka kiungo ndani ya maneno isipokuwa kinajibu swali lililoulizwa, kusema wazi pale wanapozungumzia biashara yao wenyewe, na kurudi kuendeleza mazungumzo. Eric Ward angeitambua kila moja.

Kwa wavuti ya Kiswahili suala hili lina uchungu wake. Mwaka 2018 Tanzania ilianza kuwadai wanablogu leseni: shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Kanuni hizo zilikuja kurekebishwa baadaye, lakini blogu nyingi zilikuwa zimekwisha kufungwa, na kila blogu iliyofungwa iliacha viungo vinavyoelekea kwenye ukurasa mtupu. Majadiliano mengi yalihamia Facebook na WhatsApp, ambako maandishi huzama baada ya siku mbili na mengi injini ya kutafutia haiyafikii. Blogu zilizobaki zina tabia mbaya ambayo waanzilishi hawakuwa nayo: habari moja hunakiliwa neno kwa neno katika tovuti kumi, picha na yote, bila aliyeiandika kwanza kutajwa popote. Anayetafuta jambo kwa Kiswahili anapata nakala kumi na hajui chanzo ni kipi. Injini nayo haijui, kwa sababu hakuna aliyeiambia.

Dawa ya hilo haihitaji leseni wala fedha. Mwandishi wa Kiswahili anayechukua takwimu, picha au wazo kutoka ukurasa wa mwenzake na aandike jina la mwenzake, aweke na kiungo. Anayesoma makala na kuona kosa analolijua vizuri na aandike chini yake, kwa jina lake. Na mwenye ukurasa uliofungwa maoni kwa sababu ya taka na ajaribu kuyafungua tena. Vichujio vya leo si vya 2004, na wadau bado wapo.